Kuovakloki prosesa ya desktopu ikae imara na isichemke, mwongozo kamili kwa wenye wanaishi kwa joto

Kuovakloki ni kukimbiza prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za komputa, kwa kasi kuliko ilivyosetiwa kiwandani. Hii mashine yangu niliiovakloki nikiwa Nakuru, mwezi wa Julai, usiku, na ile baridi ya Section 58 mpaka unafanya kazi na jaketi. Ni prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, ndani ya madabodi (ile bodi kubwa inayobeba kila kitu) ya B450, nikaipandisha hadi 4.1 GHz kwa volti 1.35, ikapita kila jaribio, joto la juu kabisa nyuzi 74. Nikajua hapo nimemaliza. Februari nikahamia Kisumu na komputa hiyo hiyo, bayosi (ile menyu ya seting ya madabodi) sijagusa kitu hata kimoja, na wiki ya pili saa nane mchana niko narenda video ya harusi, yaani komputa inatengeneza faili ya mwisho, ikaanguka na skrini ya buluu, nikawasha, ikaanguka tena, mara tatu mfululizo, na mamake bwana harusi yuko kwa simu, "Kijana wangu, si tulisema leo?" nami namwambia "Mama nivumilie hadi jioni" na hata hiyo jioni sina uhakika nayo. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma 32. Prosesa ilikuwa inagonga 88.

Chumba kilikuwa kimepanda nyuzi 13 na prosesa ikapanda 14 nyuma yake. Hiyo ndio hesabu nataka uishike kabla hujafungua chochote, kipozeo chako, kile chuma na feni juu ya prosesa, hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba, kinachofanya ni kuweka pengo fulani kati ya chumba na chipu, na hilo pengo linakaa karibu vile vile uwe Nakuru, Kisumu ama Busia, chumba kikipanda kila kitu kinapanda na kiasi kidogo juu yake kwa sababu chipu ikiwa moto inavujisha umeme zaidi. Kwa hivyo ukisoma mtu wa Ulaya anasema yake inakaa 68, muulize chumba chake kilikuwa ngapi. Na wewe testi zako zote za mwisho zifanye mchana wa jua kali na mabati yakiwa yamewaka, usiku ni wa kujaribu tu.

Cheki kama mashine yako inakubali

Wengi wetu tuko na zile desktopu za mtumba za ex-UK, OptiPlex na EliteDesk na wenzake. Hizo haziovaklokiwi, bayosi imefungwa, na pawasaplai yake ni ya saizi yake pekee yake. Kama uko na hiyo pesa yako iende kwa SSD, ramu mbili zinazofanana badala ya moja, na pesti mpya (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo), utahisi tofauti kubwa kuliko ovakloki yoyote.

Kwa Intel unatafuta herufi K mwisho wa jina, kama i5-4690K, i7-4790K ama i5-8600K, na madabodi ya herufi Z, Z97, Z370, Z390. K ndani ya madabodi ya H ama B haikusaidii kwa maltiplaya, ile namba unayopandisha ndio kasi ipande. Kwa AMD mambo ni rahisi, karibu Ryzen zote za desktopu ziko wazi, madabodi iwe B350, B450, B550 ama zile za X. A320 haikubali. 5800X3D pia maltiplaya yake imefungwa.

Alafu angalia madabodi yenyewe kwa macho, pale juu na kushoto ya prosesa kuna vipande vyeusi vidogo vimejipanga, hiyo ni VRM, ndio inashusha zile volti 12 za pawasaplai hadi volti 1 na kitu ya prosesa. Kama ziko uchi, hazina kile chuma cha kupoza juu yake, usisukume sana. Na kuna kitu watu hawajui, kile kipozeo cha AMD kinachokuja kwa boksi kinapuliza chini, kwa hivyo kinapoza VRM pia, ukikitoa uweke cha mnara kama Hyper 212 hewa inaenda kando, prosesa inapoa lakini VRM inaachwa kwa joto. Mimi niliongeza feni ya milimita 120 nyuma ya kesi iko sawa kabisa na VRM inavuta hewa kutoka, ilisaidia.

Waranti usiitegemee, AMD na Intel wote wanasema ukiovakloki uharibifu wake ni wako.

Kwa nini volteji ndio adui

Kasi ya prosesa ni kloki ya msingi, 100 MHz, mara maltiplaya. Maltiplaya 40 ni 4.0 GHz. Kupanda maltiplaya peke yake hakuleti joto jingi, joto linapanda sawa na kasi. Volteji ndio inaumiza kwa sababu inahesabiwa mara mbili, volteji mara volteji. Chukua mfano huu uone: prosesa inakimbia 3.7 kwa volti 1.2, unaipeleka 4.0 kwa volti 1.3125. Kasi imeongezeka asilimia 8. Joto limeongezeka karibu asilimia 29. Na ukiendelea juu inakuwa mbaya zaidi, kuna mahali kila hatua ndogo ya kasi inadai volteji kubwa kuliko ile ya kabla yake, na hapo ndipo pa kusimama. Yangu ukuta wake ulikuwa kati ya 4.0 na 4.1. Hiyo 4.1 ilinidai volti 0.0625 zaidi ya 4.0, na faida yake kwa kurenda ni dakika moja na nusu hivi kwa kila saa moja. Nilikuwa nahatarisha kazi ya mteja kwa dakika moja na nusu.

Usafi na pesti, hapa usiharakishe

Kabla ya kuongeza hata 100 MHz, safisha. Kwa Kisumu hii sio hiari. Karibu na ziwa, kuanzia Dunga mpaka huku Milimani, kuna zile siku vidudu vya ziwani vinakuja kama wingu vinafuata taa, na taa za feni za kesi nazo ni taa. Nilifungua kesi yangu baada ya miezi mitatu, kwa kile kichujio cha mbele kulikuwa na blanketi, kijivu, laini, vidudu vikavu vimeshikana na vumbi, nikakitoa kipande kizima kwa vidole kama kitambaa. Hewa ilikuwa inapita wapi? Nyuma yake feni zinazunguka kwa nguvu zote na hakuna kitu zinavuta. Kutoa hiyo peke yake joto lilishuka nyuzi 5.

Zima, toa waya ya stima, bonyeza swichi ya kuwasha mara moja umalize umeme uliobaki, shika chuma cha kesi. Beba hadi nje. Ukitumia blowa shikilia feni na kidole isizunguke, blowa inaizungusha kuliko ilivyotengenezewa na beringi inakufa. Usifungue pawasaplai, ndani kuna kapasita zinaweka umeme hata baada ya kuzima, puliza tu kupitia matundu yake. Na ile tabia ya kuacha mlango wa kesi wazi ndio ipate hewa, achana nayo, huku kwetu mjusi anapenda sana joto la pawasaplai na akigusa mahali mbaya mashine inaenda na yeye.

Kutoa kipozeo, washa komputa kama dakika kumi kwanza ndio pesti ilainike, zima, alafu zungusha kipozeo kushoto kulia taratibu kabla ya kuinua. Kwa Ryzen za soketi ya AM4 hii ni muhimu sana, ukivuta moja kwa moja prosesa inang'oka na kipozeo kutoka kwa soketi na pini zinapinda. Pangusa pesti kuukuu na spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 na zaidi. Ile saji spiriti ya kawaida ya kemisti mara nyingi imechanganywa na mafuta, ikikauka inaacha utando ambao pesti mpya haishiki vizuri, soma chupa. Pesti mpya, mimi natumia MX-4, weka tone moja katikati saizi ya njegere ndogo, kama ndengu mbili hivi, shusha kipozeo sawasawa na ukaze skurubu kwa mshalaba, kidogo huku kidogo kule, usimalize moja kwanza.

Kesi usiweke chini kwa simiti, wala ndani ya kabati ya meza, wala usiisukume hadi ukutani. Kiganja cha mkono kipite nyuma yake. Feni ya mbele ivute ndani, ya nyuma itoe nje, na zinazovuta ziwe sawa ama zaidi ya zinazotoa ndio vumbi lipitie kwa kichujio na sio kwa kila ufa.

Watu wa Nakuru na Eldoret, hewa yenu ni nyepesi kwa sababu ya urefu, Nakuru iko mita 1,850 hivi na Kisumu 1,130, kwa hivyo feni yenu kila mzunguko inabeba hewa kidogo kuliko yetu. Lakini baridi yenu inafidia hiyo na chenji inabaki.

Stima

Hapa kwetu stima inapotea bila hodi na ikirudi inarudi na kishindo. Ukiwa unaovakloki bila UPS (betri inayoshika stima ikipotea) unatesti vitu viwili kwa wakati mmoja na hutajua kilichoanguka ni gani. UPS ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hivi, kwa hivyo kama uko na kadi kubwa ya gemu jumlisha kwanza. Na kusasisha bayosi usifanye kamwe bila UPS, stima ikienda katikati madabodi inaweza isiwake tena. Pawasaplai iwe ya jina linalojulikana, na ule waya wa prosesa wa pini 8 uwe kamili. Niliwahi kuuziwa moja imeandikwa wati 600, nyepesi kama boksi la viatu, volti 12 ilikuwa inashuka hadi 11.3 mashine ikifanya kazi, na chini ya 11.4 umetoka nje ya kiwango. Wiki mbili nilikuwa nalaumu prosesa.

Sasa bayosi

Kopi kazi zako kwa diski nyingine kwanza. Ovakloki mbovu inaweza kuharibu faili polepole bila kukuambia.

Alafu pima bila kubadilisha chochote. Weka HWiNFO64 ya kusoma joto na volteji, na Cinebench R23 ya kuipa prosesa kazi nzito na alama, kimbiza ile ya dakika 10, andika kwa karatasi: joto la chumba, joto la juu la prosesa, alama. Bila hizi namba huna cha kulinganisha.

Ingia bayosi, Delete ama F2 wakati inawaka. Kama umeseti XMP ama DOCP, ile seting ya kukimbiza ramu, izime kwanza, ndio makosa ya ramu yasijifanye ya prosesa, utairudisha mwisho. Kwa Ryzen za kwanza hadi za 2000 mimi naenda hivi: volteji ya prosesa toa Auto weka 1.275 kwa mkono, maltiplaya 38.00. Auto usiiache hata siku moja ukiwa umepandisha maltiplaya, madabodi mengi yanajirushia volteji ya juu bila sababu ndio tu mashine isianguke, na joto lote linakuja kwako.

LLC ni kile kitu kinachozuia volteji isishuke wakati prosesa inapewa kazi nzito. Weka katikati. Na chunga, kwa madabodi mengine namba 1 ndio kali zaidi, kwa mengine namba 1 ndio dhaifu, soma maelezo yanayotokea pembeni. Ile kali kabisa inafanya volteji iruke juu kazi ikiisha ghafla, na hiyo miruko haionekani kwa skrini.

F10, sevu, acha ianze. Ikifika Windows, kimbiza Cinebench dakika 10. Imepita? Rudi, ongeza maltiplaya robo ama nusu, 38.50, 39.00. Endelea hivyo hivyo volteji isiguswe mpaka siku ianguke ama Cinebench ijifunge yenyewe. Hapo ongeza volteji hatua moja, 0.0125, ujaribu tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila hatua kwa karatasi. Najua inachosha, yangu ilichukua Jumamosi mbili, lakini ukibadilisha vitu vitatu pamoja ikianguka utabaki unakisia.

Mipaka yangu kwa hizo Ryzen: volti 1.35 kwa matumizi ya kila siku, na joto 80 mchana wa jua wakati wa jaribio zito. AMD wanaruhusu hadi 95 kwa 2600, lakini mimi nataka nafasi ya siku ile vumbi na Februari vimekutana. Volteji halisi uisome kwa HWiNFO mstari unaosema SVI2 TFN, mingine inadanganya kidogo.

Ikikataa kuwaka kabisa usishtuke. Zima, toa waya, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS ama kitu kama hicho, ziguse kwa bisibisi sekunde kumi, ama toa ile betri ya CR2032 dakika tano. Itarudi kama ilivyotoka dukani.

Kutesti kwa ukweli

Kupita Cinebench bado hakujathibitisha kitu. Yangu ya Nakuru ilipita.

Prime95, programu ya kuitesa prosesa na hesabu, chagua Small FFTs, saa moja, mchana. Hii inachemsha kuliko kazi yoyote ya kawaida, kaa karibu uangalie joto dakika kumi za kwanza, likipita 90 simamisha. Ukiona mstari unasema "Rounding was 0.5, expected less than 0.4" na uzi mmoja, moja ya kazi zake za sambamba, umesimama, komputa haijaanguka lakini prosesa imekosea hesabu, na kwangu hiyo ni mbaya kuliko skrini ya buluu kwa sababu ingekuwa video ya mtu usingejua. Punguza maltiplaya ama ongeza hatua moja ya volteji. Alafu teremka chini kabisa kwa HWiNFO uone WHEA, hesabu ya makosa ya vifaa ambayo Windows imenasa, hiyo namba iwe sufuri. Ikiwa 1, haijakaa imara, hata kama inaonekana iko sawa.

Baada ya hapo ipe OCCT, programu nyingine ya kutesti, saa nyingine, rudisha XMP, testi tena, kisha kazi yako halisi. Mimi niliirendisha video ya saa mbili, saa nane mchana, dirisha limefungwa makusudi. Na iache pia ikae bure usiku mzima, kuna ovakloki zinazoanguka wakati hakuna kazi.

Kwa hivyo nikaishia wapi? 4.0 kwa volti 1.2875. Chumba 32, prosesa 81. Nikaongeza ile feni ya nyuma na kuseti feni zote upya, asilimia 30 kwa nyuzi 40, 50 kwa 60, 80 kwa 72, mia kwa 80, na kuchelewa sekunde tatu ndio zisilie juu chini juu chini. Ikashuka 77.

Kama prosesa yako ni mpya zaidi

Ryzen 5000 na kuendelea sikushauri ufunge kasi kwa mkono, zenyewe zinajipandisha vizuri na ukifunga unapoteza ile kasi ya kiini kimoja (core) ambayo gemu inapenda. Kwa bayosi washa PBO, ile seting ya AMD ya kuachia prosesa ijipandishe zaidi, ingia Curve Optimizer, chagua viini vyote, hasi, anza na 10. Unapunguza volteji na prosesa inatumia nafasi hiyo kujiongezea kasi yenyewe, joto linashuka na kasi inapanda, kwa joto la huku hakuna kitu kitamu kama hicho. Shuka tano tano, nyingine zinafika 30, na ukitesti angalia zaidi wakati wa kazi nyepesi, hapo ndipo inaanguka.

Intel za K njia ni ile ile ya maltiplaya na volteji, acha maltiplaya ya kashe (kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa) ilivyo mwanzoni, na kama bayosi ina AVX ofseti weka 2, maltiplaya ishuke mbili kwa zile hesabu nzito za AVX zisikuchemshe. Lakini kizazi cha 13 na cha 14, kabla ya lolote sasisha bayosi. Mwaka 2024 Intel walitoa maikrokodi 0x129, programu ndogo ya prosesa inayokuja na bayosi, kwa sababu hizo chipu zilikuwa zinaomba volteji ya juu kupita kiasi na kuharibika taratibu. Hizo mimi ningepunguza volteji tu.

Karatasi

Ukishamaliza, sevu profaili kwa bayosi, alafu chukua karatasi uandike namba za mwisho uibandike ndani ya mlango wa kesi. Yangu inasema: 40.00, 1.2875, LLC katikati, chumba 32, prosesa 77, pengo 45, tarehe. Kila mwezi mmoja na nusu nakimbiza Cinebench dakika 10 na kutoa joto la chumba kwa joto la prosesa. Pengo likiwa 45 ama 46 naendelea na kazi. Likifika 50, iwe Julai ama Februari, natoa waya, nabeba kesi hadi nje, naanza na kichujio cha mbele.